Namba kwenye Ubao wa Shangazi

Nyamizi aliusikia ule mlio kabla ya mtu mwingine yeyote. Kila asubuhi, akifagia mbele ya meza ya shangazi yake hapo Migato, pikipiki ya Masele, bodaboda aliyenunua petroli kwao, ilipita ikipanda kilima cha shule. Zamani ilinguruma tu. Siku hizi ikifika katikati ya kilima iligonga, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa kokoto.

Juu ya meza zilipangwa chupa za petroli. Pembeni ulining'inia ubao wenye maandishi mekundu: PETROLI 95. Aliyeuandika ni Nyamizi, muda mfupi baada ya kutoka kwao Malampaka kuja kusoma huku. Namba hiyo waliiona kwenye pampu ya kituo cha mafuta Bariadi, shangazi Scola akasema, "Na sisi tuiandike. Wateja wataamini." Maana yake hawakuijua.

Msimu wa pamba ulipofika, bodaboda waliongezeka na petroli ikawa haitoshi. Ndipo Nyamizi alipomkuta shangazi akimimina mafuta ya taa kwenye dumu la petroli.

"Kidogo tu," shangazi alisema bila kumtazama. "Na wewe, huo mdomo!"

Tangu hapo Nyamizi hakutulia. Akikaa, anasimama. Darasani aliandika sentensi, akaifuta, akaiandika tena ileile. Masikio yake yalikuwa barabarani, yakiusubiri ule mlio wa ko-ko-ko.

Jumamosi moja mlio haukusikika. Masele alikuja akisukuma pikipiki, jasho likimtiririka, moja kwa moja mpaka kwenye kibanda cha fundi Ndaki, ng'ambo ya barabara.

"Mwangaluka, Masele," Ndaki alimsalimu.

"Salamu kaa nayo! Injini imekufa! Nilikuletea pistoni mpya. Umeiuza, ukanifungia kuukuu!"

"Mimi? Haki ya Mungu, Masele..."

"Mwizi wa vipuri! Nani atakuletea tena pikipiki yake?"

Watu wakajaa. Mmoja akapaza sauti, "Fundi, leo hata spoku zangu nazihesabu!" Wakacheka. Mtendaji wa kijiji, Mama Felisita, alipofika aliamuru kibanda kifungwe kwanza, jambo lichunguzwe. Ndaki akaanza kukusanya spana zake.

Nyamizi alimtazama shangazi. Shangazi alitazama chini. Miguu ya Nyamizi ikavuka barabara kabla mwenyewe hajaamua.

"Siyo fundi," alisema. "Ni petroli yetu. Ina mafuta ya taa."

Kisha shangazi akaja, taratibu, akasimama nyuma yake. "Mtoto hasemi uongo. Nilichanganya mimi."

Mama Felisita akaunyooshea ubao kidole. "Scola, ile namba unajua ni ya nini?"

"Naiona tu vituoni, mama."

"Inaeleza jinsi petroli inavyostahimili kubanwa ndani ya injini bila kuwaka kabla ya wakati wake. Ukitia mafuta ya taa, ustahimilivu huo unashuka. Injini inagonga, mwishowe pistoni inaungua. Sheria inamtaka muuzaji auze kile alichokitangaza. Umeandika tisini na tano, basi umewaahidi watu tisini na tano. Tena petroli ya chupa mezani hairuhusiwi kabisa. Cheche moja tu ingewateketeza wewe na huyu mtoto." Akawageukia waliojaa. "Na ninyi mmemwita mtu mwizi kabla ya kuchungulia tangi!"

Shangazi alikubali kugharamia matengenezo na kuacha biashara ile. Masele akamshika Ndaki mkono. "Fundi, nisamehe. Nilikasirika vibaya."

"Nimekusamehe," alisema Ndaki. "Lakini salamu yangu hujaijibu mpaka sasa."

"Mwangaluka, fundi!" Watu wakacheka tena, safari hii na Ndaki akiwemo.

Jioni Nyamizi na shangazi walikwangua ubao pamoja mpaka namba ikatoweka.

"Ulikuwa unajua muda wote huo," shangazi alisema. "Mbona hukuniambia niache?"

Nyamizi alishika kitambaa, akakiachia, akakishika tena.

"Niliogopa utanirudisha Malampaka, shangazi. Na mimi nataka kusoma."