Kastoma wa Tororo

"Kastoma? Owori, mimi ni kastoma?"

"Aanyu, punguza sauti, majirani wanasikia."

"Wasikie! Nakupigia simu, unaambia hao watu wa malori, 'Ngojeni, kuna kastoma ananisumbua.' Nilisikia na masikio yangu!"

Owori alikuwa amekaa kwa ukingo wa kitanda, jaketi lake jeusi la kazi ya mpakani Malaba linanuka dizeli. Nje ya dirisha, mwamba wa Tororo ulikuwa umefunikwa na mvua. Mvua kama ile ya siku walikutana sokoni, Aanyu na gauni lake la manjano, Owori muuza nyanya akatoa turubai juu ya nyanya zake, akamfunika yeye. Nyanya zikanyeshewa zote, hakujali.

"Beibi, pale Malaba ukisema 'mpenzi wangu' mbele ya madereva, watakucheka mpaka ukome. Ni kuongea tu. Mimi bado ni yule yule."

"Najua ni yule yule. Hiyo ndiyo inaniuma." Aanyu alikuwa anasoma mambo ya seli chuoni, na akikasirika anaongea kama mwalimu. "Unakumbuka zile seli shina nilikuambia? Zile changa, hazijaamua zitakuwa nini?"

"Zile unalisha kama vifaranga."

Kidogo Aanyu acheke. "Hizo. Ukiweka moja kwa kitu laini, inaelekea kuwa kama ya ubongo. Ukiweka ile ile kwa kitu kigumu, inaelekea kuwa mfupa. Ni pale imekaa, Owori, na majirani wake. Wewe ulilia kwa harusi ya dada yako, watu wote wanaona! Saa hii hata kunitaja unaona haya."

Maneno yakamwingia. Akamshika mkono. "Basi naacha kupitisha malori. Narudi hapa, kwa nyanya zangu. Kwa laini."

"Ikikaa sana kwa kigumu," Aanyu akasema polepole, "hata ukiirudisha kwa laini, inaendelea tu kwenda mfupa. Inakumbuka."

"Mimi si seli, mama."

"Nionyeshe basi. Ni hiyo tu nataka."

Simu ikalia. Ilikuwa Hudson, mwenzake wa Malaba. Owori akaangalia macho ya Aanyu yanamwomba, na kweli kabisa alitaka kulitaja jina lake. Akapokea.

"Owori! Uko wapi, bro? Malori yamejaa huku!"

"Niko na kastoma hapa, nakuja."

Ilitoka yenyewe, kama chafya.

Aanyu hakupiga kelele tena. Alichukua mwavuli nyuma ya mlango, akamnyooshea. "Kunanyesha."

Owori akafungua mdomo. Akatafuta neno moja la sokoni, la siku ile ya turubai. Mdomo ulikuwa na maneno ya Malaba tu. Akamwachia mwavuli kwa kiti, akatoka kwa mvua, akafunga mlango polepole, vile alikuwa anaufunga zamani akimwacha amelala.