Sauti Iliyomtaja Joyeuse

Haya, nani hapa haamini? Wewe uliyecheka huko nyuma? Sogea karibu na mlango basi, usije ukatukanyaga ukianza kukimbia. Shule niliiacha mapema, sikatai, lakini kinanda cha kanisa letu la Wakongomani pale Fridley, Amerika, hakuna aliyekipiga kama mimi, Mugisha. Muulize yeyote.

Ilianza na harufu. Baridi ya mwaka 2014, maman Rachelle alizaa mtoto aliyekwisha kufa, na kitanda kidogo alichomwandalia kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha. Wakakitupa nje. Harufu ikabaki ukutani. Kisha ukuta ukaanza kunyonya. Ndiyo, kunyonya, kama kitoto chenye njaa.

Mchungaji Onesphore akasema shetani haingii nyumba isiyo na dhambi, yupo aliyemfungulia. Macho yote yakamwendea Joyeuse, yatima wa dada yake Rachelle, msichana wa miaka kumi na miwili. Wakamfungia katika chumba hicho hicho cha kitanda bila chakula, mpaka akiri kuwa mchawi.

Nilimpelekea maji kwa siri.

“Yaya Mugisha,” alininong’oneza, maana ndivyo tunavyomwita kaka, “tulisoma shuleni habari za Wapuritani, wale Wakristo wakali wa zamani, hapa hapa Amerika. Waliokiri uchawi waliachwa. Waliokataa walinyongwa.”

“Basi kiri, we mjinga! Si utakula?”

“Ukikiri wanataka umtaje mwenzako. Nitamtaja nani? Wewe?”

Nikacheka. Ukuta ukanyamaza ghafla, kama mtu anayetega sikio.

Siku iliyofuata, mchana, tulimzunguka, mapazia yamefungwa, sote tumefumba macho kama ilivyo ada ya maombi yetu, mimi nikikandamiza noti za chini za kinanda nilichokibeba kutoka kanisani, harufu ya maziwa ikipanda hadi kooni, na ule mnyonyo ukija karibu, karibu zaidi, kana kwamba ukuta umejing’oa ukaja kusimama katikati yetu, na mchungaji akipiga kelele “Sema jina! Sema jina!” mpaka ikatoka sauti ndogo, iliyojaa mate: “Joyeuse ndiye aliyenifungulia. Mtoto tulimla pamoja.”

“Si mimi! Maman mdogo, si mimi!”

Rachelle alikwisha tupa begi la Joyeuse kwenye theluji. Mwalimu wake ndiye aliyekuja kumchukua. Leo anaishi Oakdale na Wazungu, na Kiswahili hataki hata kukisikia. Nyumba ikatulia. Kanisa likaimba haleluya, nami nikapiga kinanda mpaka vidole vikaniuma.

Ngoja, usisimame. Kuna mahali nimeruka.

Joyeuse alikuwa kushoto kwangu. Sauti haikutoka kushoto. Ni taya langu lililofunguliwa, na ulimi wangu ukasukumwa huku na huku, na kila neno nililisikia likinipita kinywani, nisiweze kulizuia. Nilipofumbua macho, wengine wote walikuwa bado wamefumba. Joyeuse peke yake alikuwa akinitazama mdomo.

Mchungaji alimuuliza mara ya mwisho, “Mwenzako ni nani?”

Hakunitaja.