Pikipiki Inayopiga Hatua

Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hadithi hii ina ukungu, na ukungu hautaki kelele.

Nembris aliishi mlimani na bibi yake. Yeye alimwita bibi huyo Koko. Nembris alikuwa na mwanambuzi mmoja yatima, jina lake Kidoti.

Asubuhi moja ukungu ulilala mpaka mlangoni. Nembris akaona alama kwenye udongo wa uani. Alama za tairi la pikipiki! Mishale midogo midogo, imepangana kama unyoya wa kuku.

Lakini hakusikia mlio wowote. Na tairi lenyewe liligusa chini, likaacha. Likagusa, likaacha. Pikipiki gani hiyo inayopiga hatua?

Akainama. Alama moja, mishale ilielekea zizini. Alama ya pili, mishale ilitoka zizini.

Shwa, mmoja unakuja.
Shwa, mmoja unaondoka.
Na mtu hayupo.

Akamwambia Koko. Koko akasema tairi halina miguu, na uji unapoa.

Kesho yake, alama tena. Safari hii zimezunguka zizi lote.

Shwa, mmoja unakuja.
Shwa, mmoja unaondoka.
Na mtu hayupo.

Koko akatoka kutazama. Akatazama sana. Safari hii uji wake yeye ukapoa.

Asubuhi iliyofuata, Kidoti hakuwepo. Uzio wa miiba ulikuwa na tundu, na ukungu ulikuwa unaingia humo polepole.

Nembris akalia kidogo. Halafu akafuta kamasi. Mbuzi ni wake, nani mwingine amtafute?

Lakini aende wapi? Mishale ilikuwa inabishana.

Akakanyaga udongo, akatazama unyayo wake. Mbele, penye vidole, palizama zaidi. Akatazama zile alama. Nazo zile mpya, zilizokanyaga nyingine, zote zilizama upande mmoja. Upande wa korongoni.

Akaenda. Miti ilisimama kama watu wanaosikiliza.

Shwa... shwa... Kitu kilitembea mbele yake. Nembris akasimama. Nacho kikasimama.

"Nani ananifuata?" sauti ikauliza.

"Wewe ndiye unayekuja kwetu," Nembris akasema. "Nipe mbuzi wangu."

Ukungu ukasogea. Likatokea shuka jekundu. Ndani ya shuka alikuwamo mzee Lomayani, jirani yao.

Nembris akakumbuka adabu ya kumsalimia mzee, akainamisha kichwa. Mzee akamgusa utosini. Mkono ulikuwa wa moto. Mizimu haina mikono ya moto.

"Tazama pale, lakini usimshtue," mzee akanong'ona.

Nyo, nyo, nyo. Kidoti alikuwa ananyonya! Mbuzi jike wa mzee alifiwa na mtoto, na Kidoti alifiwa na mama. Kila alfajiri Kidoti alitoroka kuja kunyonya. Kila alfajiri mzee alimbeba, akamrudisha zizini kimyakimya. Leo Kidoti alitoroka tena mara tu aliporudishwa. Hakutaka kumwamsha Koko. Mdomo wa Koko aliujua.

Nembris akatazama miguu ya mzee. Katambuga! Viatu vya tairi kuukuu la pikipiki. Cha kulia mishale ilitazama mbele. Cha kushoto mzee alikikata huku anapiga soga, mishale ikatazama nyuma.

Koko naye akafika, fimbo mkononi, anahema. Akaviona viatu.

"Lomayani," akasema, "mguu wako mmoja umeshafika kwako. Huu mwingine bado unakuja kwangu kunywa chai."

Nembris akauliza kama Kidoti atabaki huku. Koko akasema hapana. Mbuzi jike ndiye atakayehamia zizini kwao mpaka Kidoti akue, na maziwa yatakayobaki ni ya mzee. Mzee akakubali. Nani abishane na Koko?

Na kwa kumtisha mtoto, mzee akaamriwa kukata katambuga nyingine, ndogo.

"Kimoja kitazame nyuma," Nembris akasema.

Usiku Kidoti alilala ubavuni mwa mbuzi jike. Nembris alilala na viatu miguuni. Koko akavivuta, havikutoka. Akavivuta tena, akachoka, akamfunika blanketi.

"Haya, lala navyo," akasema. "Ila ukiota unatembea, usinikanyage."