Kwangu Inazima

Fundi alisikia sauti kabla hajamwona mtu. Alikuwa ameinamia kompyuta ya mteja, bisibisi mdomoni, na nje ya kibanda chake ukumbi wa maduka ya simu ulikuwa katika vurugu zake za kila siku, spika zikishindana na wapiga debe wakivuta watu mikono. Sauti ikasema, "Samahani kaka, ni wewe fundi wa kompyuta?" Fundi akainuka ghafla, akajigonga kichwa kwenye rafu.

"Pole jamani!" sauti ikasema, kisha ikashindwa kujizuia, ikacheka.

Mwenye sauti alivaa gauni la kijani lenye madoa meupe. Kilemba chake kilifungwa haraka haraka, kimeinamia upande mmoja, na kifuani alikumbatia kompyuta nzima, kasha na nyaya zake, kama mzazi aliyekimbiza mtoto mwenye homa.

"Ilianza kwa kutoa harufu," alisema. "Kisha ikazima. Tangu hapo haijawaka."

"Harufu gani?"

"Ya hasara."

Muuza chaja wa kibanda cha jirani akaangua kicheko. Fundi naye akacheka, jambo ambalo watu wa ukumbi ule hawakulizoea. Walimwita Kimya, na hawakukosea. Alifungua kasha, akanusa, akamulika kwa tochi ya simu.

"Mazabodi imeungua," alisema. "Bodi hii kubwa hapa, ambayo kila kitu kimeshikamana nayo. Lakini diski ni nzima. Kazi zako zipo."

Mwanamke alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Akaeleza kwamba yeye ni msomaji wa vitabu vya kusikiliza. Hujifungia katika chumba kidogo kilichotundikwa mablanketi ukutani, akasoma kitabu kizima kwenye maikrofoni kwa ajili ya watu wasioona. "Nikisimama mimi, kuna watu wanabaki katikati ya hadithi," alisema. "Hawajui kama yule bwana alirudi au alikufa."

Fundi alimtazama akiongea, akajua kwamba amekwisha.

Bodi kama ile haikupatikana tena madukani, ikabidi itafutwe nyingine, ndogo kidogo, itakayoingia katika kasha lilelile. Kutafuta huko kulihitaji simu nyingi, na simu nyingine hazikuhusu bodi hata kidogo.

"Fundi, umekula?"

"Bado."

"Na mgonjwa wangu?"

"Anaendelea vizuri. Anakuulizia."

"Ananiulizia yeye, au unaniulizia wewe?"

"Fundi, upo?"

"Wote wawili," alisema, na masikio yakamwaka moto.

Kabla bodi haijapatikana alikuwa ameshaitwa "Kimya wangu", na yeye alikuwa akimwita "mpenzi" kwa sauti ya chini, amempa mgongo muuza chaja. Bodi ilipofika aliifanyia kazi kwa namna yake. Mafundi wengine hufunga bodi ndani ya kasha, wakawasha, wakakabidhi. Yeye kwanza aliilaza juu ya boksi lake la karatasi, nje ya kasha, akaiacha ifanye kazi kutwa nzima huku akiitazama. Kwa hilo alijivuna, ingawa hakumwambia mtu. Mashine ilishinda mchana wote bila kukohoa. Akaifunga ndani ya kasha, akaiangalia nusu saa zaidi, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani kwa msomaji.

Dada mkubwa wa msomaji ndiye aliyefungua mlango. Alimpima fundi kuanzia shati jipya lililokuwa bado na mikunjo ya dukani mpaka viatu. "Karibu, shemeji," alisema, na mdogo wake akamfinya mkono.

Kesho yake simu ikalia.

"Imezima," msomaji alisema.

"Imezimaje?"

"Kioo kimekuwa cha bluu, maandishi meupe, kisha giza. Sura nzima imepotea, mpenzi. Nilikuwa nasoma mahali mama wa kitabuni anakufa. Nimelia machozi ya kweli, na yote yamepotea."

Kimya alikwenda kuichukua. Aliirudisha mashine kibandani, akaitoa bodi, akailaza juu ya boksi. Ikafanya kazi kutwa nzima. Alibadilisha memori, akairudisha kwa mwenyewe, ikazima. Akafuta programu zote za zamani na kuweka mpya, ikazima. Alibadilisha hata pawa saplai na feni, akapaka dawa mpya ya kupoza. Juu ya boksi ilikuwa mtoto mtulivu, na ikifika kwenye kile chumba cha mablanketi haimalizi sura moja.

Sasa kila simu iliyolia ilimshtua. Alijua kitu ambacho hakuthubutu kumwambia msomaji: mashine inayozima ghafla namna ile iko siku itaiua diski, na humo ndimo ilimokuwa kazi yake yote. Tena waliompa msomaji kitabu walikuwa wamechoka kusubiri. Walimwambia kisipokamilika wiki ile, watampa mtu mwingine akisome upya.

"Mdogo wangu, fungua macho," dada mkubwa alisema siku moja akimenya vitunguu. "Kwake inafanya kazi, hapa inazima. Mashine ina macho ya kujua imefika kwa nani?"

Msomaji alinyanyuka. Aliingia chumbani, akapiga simu.

"Nikuulize kitu, na unijibu ukweli. Kwako inafanya kazi?"

"Kutwa nzima."

"Na kwangu inazima."

"Ndiyo."

"Na kila ikizima, ama nakuja mimi ama unakuja wewe."

Fundi alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alikaa juu ya kreti. "Unafikiri nafanya makusudi?"

"Mimi nimewahi kumpenda mtu ambaye kila siku alikuwa na maelezo mazuri. Siwezi tena, Kimya. Niambie tu."

Alitaka kusema mambo mengi. Alitaka kusema kwamba angeweza kukata kidole chake kabla hajaigusa kazi ya msomaji kwa ubaya. Lakini ulimi ulikuwa mzito kama ilivyokuwa desturi yake, na kule upande wa pili mwanamke alisikiliza ule ukimya, akauchukua kuwa ndilo jibu. Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupokelewa, na muuza chaja, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, siku hiyo alimtazama tu akaendelea kupanga chaja zake.

Siku moja kabla ya mwisho wa wiki, Kimya alijikaza akaenda bila kuitwa.

"Ameruhusu uiguse mashine," dada mkubwa alisema mlangoni. "Mashine tu."

Msomaji alisimama kwenye korido, kichwa wazi, gauni la nyumbani limefifia rangi, macho yamemvimba. "Kesho jioni ndiyo mwisho," alisema bila kumtazama. "Fanya unachoweza, kisha uende." Akaenda kukaa sebuleni na dada yake.

Chumba kilikuwa na joto. Mablanketi yalimeza kila sauti, hata pumzi zake mwenyewe hakuzisikia vizuri. Fundi alifungua kasha, akatoa bodi, na kwa kuwa hakuja na boksi lake, aliigeuza na kuilaza kifudifudi juu ya kiti. Ndipo akaona. Mgongoni mwa bodi palikuwa na alama ndogo nyeusi ya kuungua. Aliangalia ndani ya kasha, mahali pale pale, akakuta kinguzo cha shaba kimesimama peke yake.

Vinguzo vile huibeba bodi isiguse chuma cha kasha. Bodi ya zamani, ile pana, ilikuwa na tundu la skrubu mahali pale. Hii mpya haikuwa nalo, na yeye hakukifungua kinguzo kile. Chumba kikipata joto, bodi ikilegea kidogo tu, inagusa shaba na kila kitu kinazima. Juu ya boksi la karatasi hakukuwa na shaba ya kugusa. Uangalifu wake wote ndio uliomficha kosa lake.

Furaha ilimjia, ikadumu muda wa kufumba na kufumbua, kisha hofu ikaifuta. Atamwambiaje? Kinguzo kimo ndani, mkono uliofunga ni wake. Dada mtu atasema si mnaona, alikiweka mwenyewe. Na msomaji ataamini, kwa nini asiamini? Ilitosha kusema ni virusi. Asingejua mpaka mwisho wa maisha yake. Kimya alikifungua kinguzo, akakitia mfukoni, akarudisha bodi, akawasha.

Ilibaki kuijaribu kwa kazi ile ile inayoifanya. Akafunga mlango, akawasha maikrofoni, akabonyeza kurekodi. Mstari wa sauti ulitembea kiooni umenyooka kabisa. Alikaa akiutazama, akisubiri kioo kigeuke bluu. Mfukoni kile kipande cha shaba kilimchoma pajani kila alipojisogeza.

Akavuta kiti karibu na maikrofoni.

"Ni mimi," alisema. "Kosa ni langu." Alieleza kinguzo, bodi ndogo, boksi la karatasi. Alieleza kwamba alikitia mfukoni na alikuwa amepanga kusema uongo. Alisema mambo ambayo kwenye simu yalimkwama kooni, na kila sentensi aliisema akihofia kwamba mashine itazima katikati na hatapata tena ujasiri wa kuanza upya. Haikuzima. Alipomaliza alihifadhi, akafungua mlango.

"Nimeijaribu," alisema. "Sikiliza wewe mwenyewe."

Msomaji aliingia akampita, akavaa vipokea sauti, akampa mgongo.

"Shemeji," dada mkubwa alisema kutoka sebuleni, "au sijui leo nikuiteje. Kaa chini, utaanguka."

Hakukaa. Alisimama mlangoni akiyatazama mabega ya yule mwanamke. Hayakusogea. Mkono wake ulirudisha rekodi nyuma kidogo, akasikiliza tena mahali fulani. Akarudisha tena. Kisha akavua vipokea sauti taratibu.

"Kwa hiyo ulisahau."

"Nilisahau."

"Ukakitia mfukoni."

"Nilikitia. Niliogopa."

"Mimi nimeogopa wiki nzima," alisema, na sauti ile nzuri ikakwaruza. "Niliogopa utakuja na maelezo mazuri. Haya si mazuri hata kidogo. Ni ya aibu." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Na hapa mwisho umemeza maneno."

"Wapi?"

"Baada ya 'kama bado unanitaka'. Kuna kitu umekisema ukiwa umeinamia sakafu. Niambie mimi, siyo sakafu."

Kimya aliinua uso. Hakukuwa na maikrofoni sasa, na macho ya msomaji yalikuwa pale pale mbele yake. "Nataka nikuoe," alisema.

"Nimesikia." Akamsukuma kifuani kwa vidole viwili mpaka nje ya kizingiti. "Sasa nipishe nifunge mlango. Nina kitabu cha kumaliza."

"Na jibu?"

"Usiende popote."

Mlango ukafungwa. Dada mkubwa alisogeza kikombe mezani. "Kunywa chai, shemeji, inapoa." Kimya alikishika kwa mikono miwili asiimwage. Kutoka ndani, kwa mbali, nyuma ya mablanketi, msomaji alianza upya kifo cha yule mama. Fundi alitega sikio, roho juu juu, na kila mwanamke aliponyamaza kuvuta pumzi alidhani ndiyo imezima. Sauti ikaendelea.