Nani Anakula Pesa ya Maziwa?

Kila asubuhi Sadia husimama mlangoni kwake, hapa Isiolo, akingoja pikipiki ya Abdub. Abdub huleta maziwa ya ngamia kutoka Burat. Sadia humlipa kwa simu, kisha anayapeleka sokoni kuyauza. Mume wake, Sora, ananunua na kuuza mbuzi. Lakini biashara ya mbuzi, wewe mwenyewe unaijua, leo iko, kesho haiko. Maziwa ndiyo yanalisha nyumba.

Siku moja Sadia alibonyeza simu alipe. Simu ikakataa. Salio halitoshi.

"Haiwezekani!" alisema. "Jana pesa ilikuwa hapa. Niliiona kwa macho yangu."

"Mama, hii si mara ya kwanza," Abdub alisema. Alisema kwa upole, lakini hakushusha jerikeni. "Wenye ngamia pia wananingoja. Leo maziwa nitampelekea mama mwingine. Kesho ikiwa hivi tena, nitabaki na huyo."

Akawasha pikipiki, akaenda na maziwa yake. Sadia alibaki ameshika simu. Akimpoteza Abdub, atauza nini?

Aliingia ndani kama upepo. Sora alikuwa anakunywa chai.

"Baba Kotile, niambie ukweli. Umeoa mke mwingine Merti?"

Chai ilimpalia Sora. Akakohoa mpaka machozi yakatoka. "Mke? Merti mimi naenda kununua mbuzi! Na hiyo simu unalala nayo chini ya mto. Ningeitoa pesa saa ngapi?"

"Basi ni nani? Jini?"

"Labda ni wezi wa mtandao," alisema Kotile, binti yao aliyemaliza sekondari.

Lo! Hapo ndipo walichanganyikiwa kabisa. Sadia alibadilisha namba ya siri, halafu akaisahau. Sora alizima simu, akaiwasha, akaizima tena. Kwani simu ni jenereta?

Kelele zilimfikia Kate, jirani yao, ambaye anafundisha kompyuta chuoni.

"Hodi! Salaam aleikum. Mama Kotile, kuna nini?"

"Aleikum salaam. Ingia, Kate. Tunaibiwa na mwizi hatumjui."

Kate alimsaidia kuifungua simu, akasoma meseji. "Hizi za Kiingereza huwa unazisoma?"

"Za nini? Si ni matangazo? Mimi nafuta tu."

"Si matangazo. Ni risiti. Pesa yako inalipia apu za televisheni, zile za filamu na mpira. Hapa mko na apu tano."

"Tano!" Sadia alikaa chini.

Sora alijikuna kichwa. "Mbili ni zangu, Kotile aliniwekea kwa simu yako. Ligi moja iko huku, nyingine iko kule. Na juzi mechi niliyotaka haikuwa kwa apu yoyote. Nikaenda kuiangalia hotelini, nikalipia chai juu yake!"

"Na mimi nina mbili," Kotile alisema. "Tamthilia yangu ilianza kwa apu moja. Sehemu ya pili wakaipeleka kwa apu nyingine."

"Hizo ni nne," Kate alisema. "Na hii ya tano, ya tamthilia za Kituruki?"

Sora alimtazama mke wake.

"Hiyo ilikuwa bure," Sadia alisema polepole. "Mwezi wa kwanza bure. Nikaangalia, mwezi ukaisha, nikaacha."

"Uliacha kuangalia, Mama Kotile. Kulipa hukuacha."

"Lakini sikulipa tena! Tokeni ya stima ikiisha, taa zinazima. Bando ikiisha, intaneti inakatika. Hata king'amuzi usipolipia kinajifunga. Mbona hii haikujifunga?"

Msimcheke. Wengi wetu tunapotea hapo hapo.

"Hizo unalipa wewe, kwa mkono wako," Kate alieleza. "Hawa mliwapa namba ya kadi ya malipo, ile iliyounganishwa na pesa ya simu yako. Kwa hivyo wanachota wenyewe kila mwezi, mpaka uwaambie basi."

"Lakini moja ya mpira niliifuta," Sora alisema. "Niliitoa kabisa kwenye televisheni!"

"Kufuta si kusitisha malipo. Ukihamisha mbuzi bila kumwachisha kazi mchungaji, je, hatadai mshahara?"

"Atadai," Sora alisema. Hapo alielewa mara moja.

Kate aliwaonyesha. Unafungua apu. Unaingia kwenye akaunti yako. Unatafuta mahali pa kusitisha malipo. Unabonyeza, halafu unangoja ujumbe wa kuthibitisha kwamba malipo yamesimama. Apu moja iliwauliza tena na tena kama wana uhakika.

"Nimesema nina uhakika!" Sadia aliifokea simu. "Wanataka niape?"

"Sasa hatutaangalia kitu?" Kotile aliuliza, karibu alie.

"Mtaangalia," Kate alisema. "Chagueni apu moja kwa mwezi. Mkiimaliza, hamieni nyingine. Na mkishalipa tu, sitisheni siku hiyo hiyo. Nyingi zitawaacha muangalie mpaka mwezi uishe."

Siku hiyo Sora aliuza mbuzi mmoja, akampa Sadia pesa. Kesho yake Abdub alipofika, Sadia alimlipa kabla hajazima pikipiki. Abdub alishusha jerikeni zote.

Miezi ikapita. Pesa ya maziwa ilikaa mahali pake. Kina Kotile walibishana kuhusu zamu ya kuchagua apu, ndiyo, lakini hakuna aliyeulizwa tena kama ana mke Merti.

Jioni moja Kotile alikuja mbio na simu mkononi. "Mama! Apu mpya! Iko na ile tamthilia yako, sehemu mpya kabisa. Mwezi wa kwanza ni bure. Niweke namba ya kadi?"

Sadia alikuwa anachuja maziwa. Kusema kweli, aliitamani sana ile tamthilia. Akasimamisha mkono.

"Kama ni bure," alisema, "kadi wanaitakia nini?"

Kotile aliitazama simu. Akaifunga, akaenda kumshikia mama yake chujio.