Malalo ya Tembo

Kila asubuhi Chiriku alifagia uwanja huku mdomo ukifagia naye. Alizungumza na ufagio, akazungumza na kuku, na asipopata wa kumjibu alijijibu mwenyewe. Ndiyo sababu bibi yake alimpa jina hilo la ndege mpiga kelele, likamganda mpaka shuleni. Bibi naye alikuwa na masikio ya ajabu. Ukimwomba sukari hasikii, lakini ukinong'ona jikoni anaitika kutoka bafuni.

"Chiriku, maji yangu ya kuoga yako njiani, au nayo yamekaa kusikiliza hadithi?"

"Naleta, bibi."

Shule yao ilipakana na msitu wa serikali. Humo ndani, mlimani, palikuwa na nafasi za wazi, za mviringo kama sinia, zimesawazishwa katikati ya mteremko. Hapakuota mti mkubwa hata mmoja, ila nyasi tu. Kila mtu alijua kuna kitu kilichozisawazisha, maana mlima haujisawazishi wenyewe. Watu waliziita Malalo. Ukiuliza nani alilala hapo, wengi walikuna vichwa.

Siku moja mwalimu akawaambia wanafunzi, "Kawaulizeni wazee wenu nyumbani, Malalo yametoka wapi. Kesho nataka majibu."

Chiriku alifika nyumbani, akaruka kamba mpaka giza likaingia, akala, akalala fofofo. Swali la mwalimu lilibaki shuleni. Kesho yake mwalimu akaanza na nani? Na yeye.

"Enhe, Chiriku. Bibi amesemaje?"

Mdomo ukatangulia, akili ikabaki nyuma inatafuta viatu. "Bibi amesema zamani kulikuwa na mfalme mwenye tembo wa kufuga. Wakisafiri walikuwa wanalala pale mlimani. Kwa uzito wao ardhi ikabonyea, ikawa tambarare. Ndiyo maana panaitwa Malalo."

Darasa zima likaguna kwa raha. Mwalimu akatabasamu. Akamgeukia Sisimizi, msichana mdogo mpole aliyekaa dawati moja na Chiriku.

"Babu anasema yalikuwa matanuri ya mkaa," Sisimizi alisema polepole. "Baba yake alichoma mkaa pale."

"Kumbe nyie ndio mnaomaliza miti," sauti ikatoka nyuma.

"Mwizi wa Miti," mwingine akadakia. Darasa likaangua kicheko, na Chiriku akacheka pamoja nao. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini jina lilikuwa limeshapata mwenyewe. Tangu siku hiyo Sisimizi alisogea mpaka ncha ya dawati, na kila aliposogea Chiriku aliona nafasi katikati yao inazidi kuwa kubwa.

Hadithi ya tembo haikukaa darasani. Mwalimu alimsimulia Bwana Misitu, yule ofisa wa msitu. Bwana Misitu akaipenda kupita kiasi. Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi kutembelea msitu, naye akaagiza kibao kiandikwe: MALALO YA TEMBO. Chiriku ndiye angewasimulia wageni.

"Na bibi yako aje," mwalimu alisema. "Hadithi ni yake, tumpe heshima yake."

Chiriku alihisi kama mtu aliyeingia chumbani akasikia mlango unafungwa kwa nje. "Bibi anaumwa mguu, mwalimu. Hawezi hata kusimama."

"Pole yake. Basi leo jioni nitapita kumjulia hali."

Hapo ndipo dirisha nalo likafungwa. Chiriku alikimbia nyumbani, akamkuta bibi anamfukuza jogoo kuzunguka banda, kanga kaifunga kiunoni, miguu yote miwili ikiruka kama ya mwanambuzi.

"Bibi, njoo ulale. Umechoka."

"Nani kakwambia?"

"Unaonekana. Tafadhali, bibi."

Bibi alimtazama mjukuu wake, akautazama uso ule uliokuwa umeloa jasho. Akamwacha jogoo, akaingia ndani, akajilaza kitandani. Hodi iliposikika mlangoni, akaanza na kugumia kama mgonjwa kabisa.

Mwalimu alipoingia alisema, "Shikamoo mama. Pole na mguu."

"Marahaba, mwalimu. Nimeshapoa." Bibi akamgeukia mjukuu. "Hivi mjukuu wangu, ni mguu upi vile?"

"Wa kushoto," Chiriku alisema, sauti kama ya mbu.

"Wa kushoto, mwalimu. Unanitesa kwelikweli," bibi alisema, akaukamata wa kulia.

Mwalimu alikohoa kidogo. Akamshukuru kwa hadithi nzuri ya tembo.

"Tembo?" bibi aliuliza. "Wa mkonga au la kunywa?"

"Wa mkonga, mama. Wale wa mfalme."

Chiriku alijiegemeza ukutani. Alitamani ukuta upasuke apite. Bibi alimtazama, akasema kwa upole, "Aa, hao. Mwulize mjukuu wangu. Yeye anawafahamu kuliko mimi."

Mwalimu alipoondoka, bibi aliketi kitako. Hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza Chiriku zaidi.

"Bibi," Chiriku alisema baada ya kumweleza yote, ya tembo na ya Sisimizi, "niambie basi Malalo yalitoka wapi."

"Swali hilo ulitakiwa uniulize siku ile. Sasa muda wake umepita kwangu. Kamwulize aliyelijibu."

Kesho yake, darasani, Chiriku alijisogeza kwenye dawati. "Sisimizi, babu yako alisema matanuri yalikuwaje?"

"Mimi Mwizi wa Miti," Sisimizi alijibu bila kugeuka. "Tembo wako watakwambia."

Jumamosi ikafika. Wageni, wanafunzi na wazazi walipanda mlima mpaka Malalo ya kwanza, wakasimama duara pembezoni, na nyuma yao miti ikasimama duara jingine. Chiriku akawekwa katikati. Kila alikogeuka alikuta macho, na nyuma ya macho, miti. Kibao kilikuwa kimeshasimikwa, kimefunikwa kitambaa. Na mbele kabisa alikuwa bibi, amekuja kwa miguu yake, amekalia kiti cha wageni.

"Mama, mguu umepona?" mwalimu aliuliza.

"Umepona ghafla. Sijui hata ulianza lini."

"Haya, Chiriku," Bwana Misitu alisema. "Tusimulie."

Chiriku aliinamisha kichwa. Miguuni pake palikuwa na udongo uliochimbuliwa wakati wa kusimika nguzo ya kibao. Ulikuwa mweusi tititi, umejaa vipande vya mkaa. Akainua macho, akamwona Sisimizi naye anautazama udongo uleule. Hakuna mwingine aliyeangalia chini. Sisimizi angeweza kusema. Badala yake akatazama pembeni, kama mtu aliyezoea kutosikilizwa.

Chiriku alijua akisema tembo, watu watapiga makofi, na kibao kitamwita Sisimizi mwongo mvua na jua.

"Hapakuwa na tembo," alisema. "Nimewatunga mimi. Bibi hakuniambia kitu, sikumwuliza. Mguu wake pia nimeutunga." Akaokota kipande cha mkaa, akakiinua wakione. "Sisimizi alisema kweli, na mimi nikamcheka. Sisimizi, naomba uwasimulie wewe."

 Sisimizi alisogea, hatua ndogondogo, akachukua kile kipande cha mkaa.

"Babu anasema msitu ulikuwa na wachomaji waliopewa kibali. Walichimba mlima pakawa tambarare, wakapanga magogo, wakayafunika kwa nyasi na udongo, wakatia moto ndani. Tanuri likitoboka hata kidogo, hewa inaingia, mkaa wote unakuwa majivu. Kwa hiyo mtu hakuweza kwenda nyumbani. Alilala hapohapo, jicho moja wazi, mpaka limalizike. Ndiyo maana ni Malalo. Na moto uliunguza ardhi sana, miti mikubwa ikagoma kurudi."

Bwana Misitu alichutama, akasaga udongo kwa vidole vyake. Kisha akakitoa kitambaa na kumwonyesha Chiriku lile neno TEMBO.

"Hili utalifuta wewe kwa msasa. Litakalofuata ataliandika mwenzako."

Chiriku alisugua mpaka mikono ikamchoma. Mmoja wa waliomcheka Sisimizi darasani alikuja kumwomba radhi, akafuata mwingine, na Sisimizi akawaambia washike msasa badala ya maneno. Baadaye yeye mwenyewe akachuchumaa kando ya Chiriku, karibu kabisa, akaanza kuchora herufi ya kwanza.

Mwalimu alitaka kusema la mwisho, lakini bibi alishasimama.

"Wajukuu zangu, mmesikia habari ya tanuri. Uongo nao ni tanuri. Ukishauwasha huendi popote, unakesha unaziba matobo: huku mguu, huku tembo, na usingizi huupati. Ukweli utakuaibisha mchana mmoja, kisha utakuacha ulale." Akamtazama mjukuu wake. "Na wewe, usiku huu nataka nikusikie unakoroma."