Ngoja, Narudi Sasa Hivi

Sakafu ilikuwa na joto. Fundi alivua kandambili asubuhi, akaketi kwenye cherehani, akaweka mguu wa kushoto pale chini pa siku zote, na saruji ikampokea kama godoro lililoachwa na mtu sasa hivi. Jua lilikuwa halifiki chumba hicho cha mbele hadi alasiri. Fundi aliuacha mguu wake palepale, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nane akatabasamu.

Siku nane hizo ndizo zilizopita tangu Bosi afe. Bosi alikuwa mbwa. Jina alipewa na wateja, kwa sababu yeye alilala kutwa huku mwenzake akichapa kazi, na mteja akichelewa kuondoka alimtazama kwa jicho la mkubwa wa ofisi anayefunga mafaili. Kwa miaka kumi na minne alilala chini ya cherehani, kidevu juu ya mguu wa kushoto wa fundi, hata fundi akazoea kukanyaga pedali kwa mguu wa kulia tu. Mume alikwisha kwenda zake zamani na mtoto hawakujaliwa. Basi uzito wa kidevu kile ndio uliokuwa familia, na anayetaka kucheka na acheke.

Walikuwa na maagano yao. Fundi akitoka, hata kama ni kwenda kununua uzi tu, alimwambia, "Ngoja, narudi sasa hivi." Bosi aliketi, na hapo hangebanduka kwa nyama wala kwa paka, mpaka fundi arudi na kumwachia kwa maneno mawili: "Haya, basi." Siku moja mvua ilimzuia fundi kwa mteja tangu asubuhi hadi jioni. Aliporudi alimkuta Bosi palepale, amejikojolea, anatazama pembeni kwa aibu. Fundi alipiga magoti akapangusa sakafu, na akaapa kuwa hatamngojesha tena hivyo.

Kiapo hicho alikivunja vibaya mno.

Bosi alizeeka. Mguu wa nyuma ukawa wa kuburuta, jicho moja likaingia ukungu, figo zikagoma. Siku ya nne bila kula, dada mkubwa wa fundi alikuja, akamtazama mbwa, akamtazama na mdogo wake. "Mdogo wangu, huyu unamfuga yeye, au unajifuga wewe usilie?" Maneno yalichoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Kesho yake fundi alimbeba Bosi kwa daktari wa mifugo.

"Utakaa naye?" daktari aliuliza, akinyoa kijisehemu cha mguu wa mbele. "Hatasikia maumivu. Atasinzia tu."

"Nitakaa."

Lakini daktari alipogeuka kuvuta dawa kwenye sindano, ujasiri wote ulimtoka fundi. Aliinama, akaweka mkono juu ya kichwa kile, akasikia mdomo wake ukisema, wenyewe, kama umefundishwa, "Ngoja, narudi sasa hivi." Bosi, aliyekuwa hawezi kusimama, alijikongoja akakaa kitako juu ya meza ya bati, kwa utii. Fundi akatoka, akapita getini, akatembea hadi nyumbani bila kugeuka.

Jioni daktari alimpigia simu. "Alitulia sana," alisema. "Alikuwa anaangalia mlango tu." Maskini, alidhani anamfariji.

Dada aliambiwa kwamba Bosi alikufa mikononi mwa fundi.

Kwa hiyo joto la sakafuni lilipokuja, fundi hakuogopa. Alifurahi kama mdeni aliyesamehewa. Mchana wa pili alisikia kucha kwenye saruji: ta, ta, ta, kisha mburuto wa mguu mbovu, kutoka pazia la jikoni hadi chini ya cherehani. Alirudisha bakuli la maji mahali pake. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo mtu mwingine asingelifanya, kwa sababu mtu mwingine asingekuwa na maneno yale: akitoka, alisimama mlangoni na kupaambia pale mahali patupu, "Ngoja, narudi sasa hivi." Akirudi hakusema kitu. Alichelea kwamba akisema "haya, basi," kile kitaondoka.

Ikapita wiki. Harufu ya manyoya yaliyolowa, aliyoipenda, ilifuatwa na harufu ya spiriti ya chumba cha daktari, na chini yake ikazuka nyingine, nzito, kama ya kitambaa kilichokunjwa kibichi kikasahauliwa kabatini.

Dada alikuja alasiri moja kujaribu gauni. Alikuwa amesimama na pini begani, anateta habari za shemeji yake, mara akanyamaza.

"Nani anakunywa maji?"

"Bosi," fundi alisema, polepole, kama mtu anayetaja mgeni wa heshima.

Wote wawili walisikiliza. Mbwa hulamba maji kwa ulimi, na sauti yake kila mtu anaijua, lakini sauti iliyotoka nyuma ya meza ya kukatia vitambaa haikuwa ya ulimi, ilikuwa ya koo, gku, gku, gku, koo pana la mtu mwenye kiu ya siku nyingi aliyeinua bakuli kwa mikono miwili, na ilipokwisha bakuli lilitua sakafuni taratibu, pasipo kulia, jinsi mtu anavyotua chombo asiwaamshe waliolala, kisha kikasikika kitu kikishusha pumzi ya kuridhika, kisha kucha zikaja, ta, ta, ta, zikafika chini ya cherehani, na mburuto wa mguu, uliokuwa umesahauliwa, ukaja mwisho, peke yake, kana kwamba umekumbukwa.

"Hicho si mbwa," dada alinong'ona. Alitoka mbio na pini zake begani.

Alirudi na mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya majini kwa siri na kwa mambo ya uzazi hadharani. Hakuja na hirizi wala kibuyu. Alikaa mbali na cherehani, akauliza kwa sauti ya chini, "Alikufaje?"

"Mikononi mwangu."

"Mwanangu, usinidanganye mimi. Kiko hapa kinasikia, na chenyewe kinajua."

Fundi akayatapika yote: sindano, mlango, maneno. Dada alijifunika uso kwa mikono.

Mkunga aliyatazama magauni yaliyotundikwa ukutani. "Nguo ambayo mwenyewe haji kuichukua, unaifanyaje?"

"Ikipita miezi mitatu, namuuzia yeyote inayemwenea."

"Basi kuna iliyemwenea. Mbwa wako hajaondoka, yuko hapa anangoja umwachie. Na jini limeingia ndani ya kungoja kwake, limekaa, kwa sababu kila siku unalikaribisha. Mwache mbwa aende, nalo halitakuwa na pa kukaa. Kesho mchana fungua mlango, keti kwenye kiti chako, sema yale maneno yako ya kumwachia, mara tatu. Lakini usiiname. Usitazame chini ya cherehani hata usikie nini. Ukilitazama litakujua kwa uso, na litaacha kumwigiza mbwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Kesho yake dada na mkunga walikaa nje, barazani, na fundi akaketi ndani peke yake, mlango wazi, jua limejaa barabarani. "Haya, basi," alisema. Kitu kilitikisika chini. "Haya, basi," alisema tena, na hapo kidevu kikatua juu ya mguu wake wa kushoto, kizito, chenye joto, chenye uvimbe mdogo ule wa chini ya taya aliokuwa akiupapasa kila jioni, na huyu hakuwa jini, huyu alikuwa Bosi wake mwenyewe, amekuja kuaga, na fundi alikumbuka meza ya bati na jinsi alivyompa mgongo, na moyo wake ukamwambia kwamba mara hii hatamwacha aende bila kumtazama, hata kama ni kwa sekunde moja, hata kama dunia inakwisha.

"Haya, basi, baba," alisema, akainama.

Alimwona. Bosi alikuwa amekwisha fika mlangoni, anaburuta mguu, na hakugeuka. Alitoka juani akapotea.

Na chini ya cherehani, pale pale, kilikuwa kimechuchumaa kitu kama mtu, magoti yamegusa kidevu, mikono imekumbatia bakuli, kimetulia kama mteja anayengoja zamu yake. Kilimtazama fundi usoni kwa muda mrefu. Kisha kikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya fundi, ya huruma, iliyotetemeka kidogo, kama ilivyokuwa siku ile.

"Ngoja," kilimwambia. "Narudi sasa hivi."

Kikatambaa nje kwa mlango wa jikoni.

Dada na mkunga walipoingia walimkuta ameketi wima, mikono mapajani, anautazama mlango wa jikoni. Walimvuta, hakuinuka. Dada alimpa maji, akayakataa. Hadi jua linazama alikuwa hajabanduka, na sakafu chini ya kiti ilikuwa imelowa.

"Haya, basi, mdogo wangu," dada alilia, amempigia magoti. "Haya, basi! Inuka!"

Fundi alitazama pembeni kwa aibu.

"Si wewe uliyeniambia ningoje," alisema.